Shikamoo, Nahodha: Mzee Paulo Okwach Aweka Sindano Chini

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Mzee Paulo Okwach, fundi mkuu wa maturubai katika karakana yetu ya Mkuyuni, alikabidhi funguo za kabati lake na kustaafu rasmi baada ya kuitumikia Matishari ya Mwambao kwa miaka thelathini na sita. Ijumaa hii tunakutana bwaloni kumuaga. Kamati imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa sababu, walisema, mtunza stoo humjua kila mtu kwa vitu anavyokuja kuomba. Hilo ni kweli. Mzee Okwach aliomba sindano, nta na uzi wa katani, na hakuwahi kuomba zaidi ya alichohitaji, isipokuwa sukari.

Alizaliwa Shirati, mkoani Mara, mwaka 1938, katika nyumba ya watu wa ziwani. Baba yake aliunda mitumbwi ya tanga na kuiendesha mwenyewe, na kijana Paulo alijifunza kushona matanga kabla hajajifunza kusoma. Alifika Mwanza kwa mtumbwi huohuo wa baba yake, akiwa na mkewe Ayoo na mtoto wao wa kwanza, Okech, ambaye ndiye aliyemfanya mkewe aitwe Mama Okech mpaka leo. Machi 1962 aliajiriwa na kampuni yetu kwa sababu rahisi: matishari yetu, vile vyombo bapa vya mizigo, yalibeba marobota ya pamba, pamba haitaki maji, na mtu wa kushona maturubai alikuwa amerudi kwao Ukerewe bila kuaga. Mzee aliombwa ashikilie nafasi hiyo kwa muda tu, na muda wenyewe ndio huu.

Wenzetu wapya mnaomkuta siku hizi na vijana wake wawili na cherehani ya umeme hamwezi kujua kazi ile ilikuwaje. Turubai moja la tishari lilitandazwa uani kama kiwanja cha mpira. Mzee alipiga magoti juu yake kutwa nzima, kipande cha ngozi kiganjani cha kusukumia sindano, akihama pindo hadi pindo. Msimu wa pamba ukianza, alishona na kuimba kwa Kijaluo, nyimbo ambazo alikataa kututafsiria. Tulipombana sana alisema zinahusu samaki. Mama Okech alipokuja siku moja na kuzisikia, alifunika uso kwa kanga na kuondoka, kwa hiyo tunaamini hazihusu samaki.

Ameona kampuni ikiwa ya watu binafsi, ikawa ya umma, na tangu mwaka 1995 ikawa tena ya mwekezaji. Ameona pamba yote ya Usukumani ikipita gatini kwetu, kisha biashara ilipofunguliwa ameona wanunuzi wapya wakija na malori yao na kuipitisha barabara ya Buhongwa bila hata kutupigia honi. Kazi ilipungua, na watu wakapunguzwa mara tatu. Kila mara jina la Mzee lilibaki, na kila mara alikwenda nyumbani kwa wale waliopunguzwa, mmoja mmoja, kunywa nao chai. Hakuwa na la kuwasaidia. Alisema tu kwamba mtu akiondolewa kazini asionekane kama aliyefiwa, ambaye watu huogopa kupita mlangoni kwake.

Maturubai ya plastiki yalipoanza kuingia kutoka nje, tulidhani atanuna. Alilibeba la kwanza begani, akalipima uzito kwa kulirusha juu kidogo, akasema Mungu ambariki aliyelibuni, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamemsubiri mtu huyo miaka mingi. Mzee Okwach si mtu wa kulia lia na mambo ya zamani. Naliandika hili mapema ili msije mkafikiri tanga analipenda kwa sababu ya ukale wake.

Maana sasa inabidi niingie kwenye tanga.

Mzee ana mtumbwi. Unakaa kwenye mwalo wa Nyegezi, si mbali na nyumbani kwake Mkolani, umepakwa rangi ya bluu na nyeupe, na ubavuni umeandikwa "MAMA OKECH". Hupakwa rangi upya kila mwaka. Mama Okech mwenyewe husema yeye hajawahi kupakwa kitu chochote.

Katika mtumbwi huo mtu hukaa nyuma na usukani, na mwingine hukaa katikati, ameshika kamba ya tanga, akiivuta au kuilegeza kadiri upepo unavyotaka. Nafasi hiyo ya kamba ndiyo shule waliyopitia watoto wote wa Mzee na, baada yao, wajukuu, ambao kwa sasa wanatimia timu ya mpira pamoja na wachezaji wa akiba. Wengine babu zao waliwasimulia hadithi. Hawa babu yao aliwakabidhi kamba na kuwaambia wasiiachie. Alikataa kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1979, cheo kikubwa na nyumba juu yake, akisema kule bahari ni kubwa na wajukuu hawapo. Bosi wa wakati ule alimwambia hata hapa wajukuu bado ni wawili tu. Mzee akajibu kwamba hao wawili wanamtosha kwa kuanzia.

Na kuna sheria moja ya chombo, ambayo aliitoa kwa baba yake. Anayeingia mtumbwini humwamkia aliyeshika usukani: "Shikamoo, nahodha." Akiitika "marahaba," chombo kinaondoka. Asipoitika, hakiondoki. Haijalishi umri wako wala cheo chako. Mkuu wetu wa karakana, Bwana Venant, ambaye ni mtu mzima na ana mvi zake halali, ameamkia humo. Padri ameamkia. Mama Okech huamkia, kwa sauti ambayo kila mtu anaelewa kwamba marahaba hiyo Mzee atailipa nyumbani. Na kwa kuwa katika miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika usukani ule, sisi karakana tulikuwa tumeshaamua kwamba Mzee alijitungia sheria hiyo ili akusanye shikamoo za bure. Tulimtania hivyo hadharani. Alicheka na kuendelea kuzikusanya.

Mtumbwi huo ndio uliomfanya ajulikane nje ya lango letu. Miaka mingi iliyopita, Sista Bernadeta, muuguzi wa zahanati, alikwama Nyegezi na kisanduku cha barafu chenye chanjo za watoto wa vijiji vya ng'ambo ya ghuba. Gari lilikuwa bovu na kuzunguka kwa barabara ni safari ya siku nzima. Mzee alikuwa anakausha tanga. Alimvusha. Sista akamuuliza kama mwezi ujao angeweza tena, na Mzee, ambaye kukataa kwake kote alikutumia kwenye ule uhamisho wa Dar, akasema anaweza. Tangu hapo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi upepo wa asubuhi, unaotoka nchi kavu, huwasukuma kwenda, na upepo wa alasiri, unaotoka ziwani, huwarudisha. Hajawahi kupokea malipo. Akipewa kuku, huwa anamkubali.

Watoto waliochanjwa kwa safari hizo sasa wana watoto wao, na hao pia wamechanjwa kwa safari hizohizo. Ukitaka kuona umaarufu, tembea na Mzee Okwach kwenye gulio la ng'ambo. Huwezi kupiga hatua kumi bila mama fulani kumsukumia mtoto mbele amwamkie.

Magugu maji yalipovamia ghuba na kuziba mwalo wa Nyegezi kama blanketi la kijani, ni yeye aliyeanzisha kazi ya kuyang'oa kila Jumapili baada ya ibada. Alituandikisha sisi wafanyakazi bila kutuuliza. Bwana Venant aliingia majini na panga akiwa amevaa viatu vya ofisini, akatoka na kimoja. Kile kingine bado kiko ziwani, na Mzee kila akimwona humpa pole upya, kama ya msiba wa jana.

Hayo yote mnayajua au mmeyasikia. Ninalotaka kuwaeleza sasa wengi hamlijui, na Mzee mwenyewe ameniruhusu kuliandika. Aliniambia niandike kwa kifupi. Nimejitahidi.

Tangu mwaka juzi, au pengine kabla, tulianza kumnung'unikia Mzee. Alikuwa anapita karibu nawe bila salamu. Unasimama pembeni ya njia, unasema shikamoo kwa heshima zako zote, anashtuka na kuitika kama mtu aliyeamshwa. Ukikaa kimya kusubiri aanze yeye, anapita moja kwa moja. Mayala, dereva wetu wa winchi, alisema Mzee ameanza kuringa kwa sababu anakaribia kiinua mgongo. Mwingine akasema ana kinyongo na waliobaki kazini. Kwetu sisi mtu anaweza kukukopa asilipe na bado mkasalimiana, lakini akikupita bila salamu, hilo ni jambo la kuitiwa kikao. Tulikaribia kumwitia hicho kikao.

Badala yake tukaunda kamati ya zawadi ya kuagana, na mimi na Mayala tukiwa wajumbe. Zawadi haikutuchukua hata dakika tano. Siku hizi ukienda Kirumba au Igombe, kila chombo kina mashine nyuma. Viwanda vya minofu vinataka sangara leo, si kesho, na anayekwenda kwa tanga anaonekana kama anayekwenda sokoni kwa kutambaa. Hata Okech, mtoto wa Mzee, ana chombo chake cha mashine. Tukaona Mzee wa watu amepeleka chanjo kwa upepo miaka yote hiyo kwa kukosa uwezo tu. Tumnunulie mashine. Tulifurahi wenyewe kwa uamuzi huo, tukapongezana.

Mayala ndiye aliyeshauri tumwulize kwanza Mama Okech kama mtumbwi utaihimili. Kwa hiyo katikati ya Mei tulikwenda Mkolani, tukakaribishwa chai na viazi vitamu, tukamweleza zawadi yetu kwa kunong'ona huku tumejaa tabasamu.

Mama Okech aliweka kikombe chini. Akasema, "Mkimpa mashine mmemuua."

Tulidhani anasema kwa mafumbo. Akatueleza wazi. Mzee ana presha ya macho. Hospitali walishamwambia kwamba kilichopotea hakitarudi. Mbele anaona bado, lakini pembeni hana kitu, anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Hakutaka kazini ijulikane kabla hajamaliza muda wake, asije akaonewa huruma au akapunguzwa kwa sababu hiyo. Kushona hakukumpa taabu, vidole vilikuwa vinaona. Ila watu waliosimama pembeni yake ndio waliopotea.

Mimi na Mayala hatukutazamana. Nilikuwa nawaza zile shikamoo zote alizoitika kwa kushtuka.

"Kwenye tanga hawezi kwenda peke yake," Mama Okech akaendelea. "Lazima awe na mtu wa kamba. Na wa kamba ndiye anayemwambia, babu, kuna jiwe, babu, kuna chombo kulia. Miaka hii miwili ni Odeta. Mashine inaendeshwa na mtu mmoja. Mkimpa, Jumamosi moja ataamka, ataona asimsumbue mjukuu, ataondoka mwenyewe. Namjua. Nimeishi naye."

Odeta ni binti wa Okech, mjukuu wa kwanza wa Mzee, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja. Anauza mitumba katika soko la Mlango Mmoja. Jumamosi ndiyo siku ya soko, siku ambayo kila mwenye meza anaomba jua lisizame, na Odeta kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hufunika meza yake kwa turubai la babu na kwenda Nyegezi. Wafanyabiashara wenzake walidhani ameokoka katika dhehebu la Wasabato.

Mayala akauliza jambo la maana, ambalo lilinishangaza kutoka kwake: kwa nini basi Odeta asishike usukani?

"Anajua kuushika," Mama Okech akasema. "Ila hajapewa."

Na kutoka nyuma ya pazia la mlango, sauti ya Mzee ikasema, "Chai inapoa."

Alikuwa ndani muda wote. Alitoka, akakaa, akanywa chai yake, akaongelea timu ya Pamba ilivyofungwa. Hatukuthubutu kumrudisha kwenye mazungumzo. Lakini wakati wa kutusindikiza, pale kwenye mwamba mkubwa ulio mbele ya nyumba yake, alisimama na kutugeukia mzimamzima, kama anavyolazimika kugeuka siku hizi ili amwone mtu. Akasema amewahi kufikiria kuuvuta mtumbwi nchi kavu na kuupasua kuni. Kwao mwenye chombo akichoka, humpa mwingine angali hai na chombo kikiwa majini, au hukipasua. Hakiuzwi wala hakiachwi kiozee ufukweni. Okech angeweza kuendelea na kazi ya Sista kwa mashine yake, alisema, lakini mafuta yananunuliwa, magugu yanajifunga kwenye panga za mashine, na sangara hawamsubiri mtu akachanje watoto. Watoto wake wengine wako mbali. Akatuaga bila kutuambia ameamua nini.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, ndugu wasomaji. Wakati sisi tunapanga soda na pilau, huyu mtu alikuwa na wiki chache za kuamua kama safari za ng'ambo ziishe na mtumbwi uwe kuni, au ziendelee bila yeye kuwa nahodha. Na Sista Bernadeta hakuwa na chombo kingine.

Tuliacha mashine. Stoo kulikuwa na jora la turubai la pamba, la zamani, zito, la aina ambayo haiagizwi tena, na Bwana Venant alikubali litoke kwa ajili ya tanga jipya. Fundi wa kulishona kwa mkono alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyekuwa tunamshonea. Basi tukashona wenyewe, saa za chakula cha mchana, mlango wa stoo ukiwa umefungwa: makarani, madereva, walinzi, Bwana Venant na miwani yake. Vidole vyetu vilitoboka. Sikujua kwamba watu wa uhasibu wanajua matusi mengi kiasi kile.

Tulimkabidhi mwishoni mwa Mei, bila kusubiri sherehe, kwa kuwa tanga lake lilikuwa limechakaa. Hakulitazama. Alikaa chini, akalivuta magotini, akapitisha vidole kwenye mishono polepole, sote tumesimama kama watoto wanaosahihishiwa madaftari. Penye mshono mmoja alisimama, akarudi nyuma, akasema, "Huyu alikuwa na njaa." Ulikuwa wa Mayala. Kisha akaendelea hadi mwisho wa pindo, akalikunja tanga, akaliegemea. Tulimwona akilia. Nasi tulilia, na sioni haya kuliandika kwenye jarida la kampuni.

Jumamosi ya tarehe 6 Juni nilikwenda Nyegezi. Kisingizio changu kilikuwa kuona kama mshono wangu utashika.

Asubuhi ilikuwa shwari, upepo mdogo kutoka milimani, magugu yamesogea mbali na mwalo. Odeta alikuwa amesimama majini hadi magotini, sketi ameikunja, ameshikilia mtumbwi usiyumbe. Tanga jipya lilikuwa limefungwa mlingotini, jeupe mno, lenye mishono ya kupinda ambayo kutoka ufukweni ilionekana kama makusudi. Sista alishaingia na kisanduku chake cha barafu mapajani. Mimi nikaingia. Sote wawili tulikuwa tunamsubiri Mzee akae tumwamkie.

Alikuja akiwa ameshika bega la Mama Okech. Aliingia mtumbwini, akaenda hadi nyuma, akaweka mkono juu ya mkono wa usukani, akauacha hapo kidogo. Kisha akageuka, akatupita taratibu kwa kushikashika mabega yetu, akakaa katikati, kwenye nafasi ya watoto. Akaiokota kamba ya tanga.

"Panda," alimwambia Odeta. "Kaa pale."

Odeta alimtazama bibi yake. Mama Okech aliangalia ziwa. Odeta akapanda, akakaa nyuma, akaushika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa mwenziwe.

Mzee akajiweka sawa, akageuza mwili mzima hadi akamwona. Akasema, "Shikamoo, nahodha."

Mnajua utani wa babu na mjukuu. Siku zote Mzee humwita Odeta mke mdogo, na Odeta humjibu kwamba posa yake bado haijatosha. Lau ingekuwa siku nyingine angekuwa na jibu kabla babu hajafunga mdomo. Kuna maneno ambayo ulimi wa mtu aliyelelewa vizuri haukubali kuyatamka, na moja ni kumwitikia babu yako marahaba. Sijui kabila lolote la mwambao huu ambalo mtoto wake angelitamka neno hilo kirahisi. Machozi yalimtoka. Akatikisa kichwa.

Hakuna aliyemsaidia. Na kwa sheria ile ile ambayo sisi tuliicheka miaka yote, chombo hakikuondoka.

"Babu, siwezi," alisema.

"Humu hakuna babu," Mzee akasema, bila ukali. "Yuko nahodha, na watu wanaotaka kuvuka. Wakikuogopa au wakikuonea huruma, mtapinduka wote. Shikamoo, nahodha. Barafu ya Sista inayeyuka."

Sista Bernadeta, ambaye ni mtu wa kazi, akasema naye shikamoo. Nami nikasema. Pale ufukweni, Mama Okech akaisema kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, na safari hii hakukuwa na deni la nyumbani ndani yake.

Odeta akafuta uso kwa kiwiko. Akamtazama babu yake, akasema, "Marahaba."

Mzee akavuta kamba. Tanga likajaa, mishono yetu ikalia kidogo na kushika, hata wa Mayala. Tulivuka. Njia nzima Odeta alikuwa anasema vuta, legeza, na Mzee Okwach alikuwa anavuta na kulegeza, bila neno la nyongeza. Mara moja tu, karibu na ng'ambo, nilimwona anafungua mdomo kama mwenye ushauri. Akaufunga. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kumwona akiifanya, na nimemwona akifunika matishari kwenye mvua ya masika.

Kuhusu wasifu wenyewe, basi, kamati inisamehe. Tarehe iliyo juu ni ya kustaafu sindano. Usukani alistaafu siku ishirini na nne kabla, mtumbwi ukiwa majini na yeye akiwa hai, kama walivyofanya kwao. Kuni za Mkolani zitatoka kwingine.

Tunakushukuru, Mzee, kwa pamba yote iliyofika kavu. Tunamshukuru Mama Okech kwa kutuazima wewe, na watoto na wajukuu zako kwa siku ulizowaachia kamba na kuja kwetu. Vijana wako wawili wa karakana wanasema cherehani wataiweza, ila wimbo wa samaki hawaujui, na wanaomba ufike siku moja uwafundishe, pamoja na tafsiri. Afya yako iwe njema, viti vya nyumbani kwako visikose wageni, na anayesimama pembeni yako aanze kuongea mapema umjue ni nani. Sisi tumeshajifunza.

Kesho yake baada ya sherehe ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mtu wa kamba yupo. Nahodha anafunga meza yake Mlango Mmoja kama kawaida, na anayetaka kuvuka afike Nyegezi asubuhi akiwa na salamu yake tayari.

Lakini Ijumaa, pale bwaloni, tukiwa nchi kavu, shikamoo zote ni zako. Tutasimama mbele yako, si pembeni, karakana nzima, na utakaa usikie kila sauti.

Shikamoo, Mzee Okwach.

Dorotea Ndalahwa, Stoo